Nozeli kwenye mpira wa mita 20: uchambuzi wa ripoti moja ya maabara

Ripoti yenyewe, ya kikundi cha wanafunzi waliopima maji yanayotoka kwenye mpira wa maji kabla na baada ya kuuvisha nozeli (kichwa chenye tundu dogo), ni nadhifu. Mchoro umechorwa kwa rula, namba zina vizio vyake, kila kipimo kimerudiwa. Anayesahihisha kwa haraka angeipa alama za juu na kushika nyingine. Tatizo limekaa kwenye sentensi moja ya hitimisho: "Kwa kuwa A₁V₁ = A₂V₂, nozeli yenye kipenyo nusu ya kipenyo cha mpira imeongeza kasi ya maji mara 4." (A ni eneo la njia ya maji, V ni kasi yake.) Msomee sentensi hiyo mwanafunzi yeyote aliyemaliza wiki za mwanzo za mekanika ya vimiminika, ataikubali. Wapo hata wahandisi walioajiriwa siku nyingi watakaoikubali. Si kweli, na data zinazoikanusha zimo kwenye ukurasa uleule.

Kisa nimekitunga kwa ajili ya kufundishia na namba nimezichagua ziwe nyepesi kushika, lakini vifaa vyake vinaweza kupangwa katika maabara yoyote ya kozi ya utangulizi, na atakayevipanga atapata majibu ya karibu na haya.

Tangi limewekwa juu ya fremu ya chuma. Maji huingia muda wote na ya ziada hutokea kwenye bomba la kufurikia, hivyo usawa wa maji haushuki jaribio linapoendelea. Chini ya tangi umefungwa mpira wa plastiki laini, urefu mita 20, kipenyo cha ndani milimita 20. Mdomo wa mpira umebanwa mezani, umelala mlalo, mita 4 chini ya usawa wa maji tangini na mita 1 juu ya sakafu. Sentimita chache kabla ya mdomo kuna kiungo cha T, na kutoka hapo umesimamishwa mrija mwembamba wa kuonea, ulio wazi juu, wa kupimia presha. Pembeni ipo nozeli ya shaba yenye tundu la milimita 10, inayofungwa mdomoni mwa mpira na kutolewa kwa mkono.

Kazi ni fupi: jaza ndoo ya lita 10 na upime muda, pima maji yanaangukia umbali gani kutoka mdomoni, soma mrija. Funga nozeli, rudia yote, eleza kilichobadilika.

Bila nozeli, ndoo ilijaa kwa sekunde 18 na maji yalianguka sentimita 80 kutoka mdomoni. Mrija ulikuwa mtupu. Nozeli ilipofungwa, ndoo ilichukua sekunde 24, mkondo ukaruka hadi mita 2.4, na ndani ya mrija maji yakapanda hadi mita 1.42 juu ya mdomo wa mpira. Kikundi kiliandika namba hizi zote kwenye daftari. Kwenye ripoti, mrija haukutajwa tena.

Kwanza tuone kama vipimo vinaaminika, maana kuna njia mbili za kupata kasi na hazitegemeani. Ya kwanza ni ndoo: lita 10 kwa sekunde 18 ni lita 0.556 kwa sekunde, gawanya kwa eneo la tundu la milimita 20, unapata mita 1.77 kwa sekunde. Ya pili ni umbali wa kuanguka. Kitu kinachoanza mlalo kutoka mita 1 juu huchukua sekunde 0.452 kufika chini, basi sentimita 80 zinatoa tena mita 1.77 kwa sekunde. Kwa nozeli, ndoo inatoa mita 5.31 na umbali unatoa mita 5.32. Njia mbili, jibu moja. Kasi imeongezeka mara 3. Si mara 4.

Kikundi hakikufanya ulinganisho huo. Kilichukua mita 1.77, kikazidisha kwa 4, kikapata mita 7.1 kwa sekunde, kikalinganisha na 5.3 na kuandika kwamba "tofauti imetokana na makosa ya upimaji". Hapo ndipo msahihishaji anapaswa kuweka kalamu chini na kufikiri. Mkondo wa mita 7.1 kwa sekunde ungeangukia mita 3.2 kutoka mdomoni. Wao waliona mita 2.4. Hakuna mtu anayekosea sentimita 80 kwa futi kamba akiwa amepiga magoti sakafuni na maji yanamrukia usoni. Neno "makosa ya upimaji" limegeuka kuwa kapu la kutupia kila kisichokubaliana na fomula, na nadhani sisi tunaofundisha tumelikubali kwa muda mrefu mno.

Msimamizi wa maabara aliwaita.

"Ndoo ilijaa kwa sekunde ngapi mlipofunga nozeli?"

"Ishirini na nne, mwalimu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kumi na nane."

"Sasa mbona mmeandika kwamba mtiririko haukubadilika?"

"Hatukuandika hivyo, mwalimu."

"Mmeandika. Soma tena sentensi yenu ya mwisho."

Na kweli wameandika, ingawa si kwa maneno hayo. Mlinganyo wa mwendelezo unasema kwamba, mtiririko ukiwa umetulia, maji yanayopita sehemu moja ya bomba kwa sekunde ni sawa na yanayopita sehemu nyingine ya bomba hilohilo kwa sekunde hiyohiyo. Nozeli ikiwa imefungwa, kasi ndani ya mpira ikizidishwa kwa 4 inatoa kasi kwenye tundu. Hilo ni kweli kabisa, na vipimo vyao vinalithibitisha: lita 0.417 kwa sekunde ndani ya mpira ni mita 1.33 kwa sekunde, mara 4 ni 5.3. Lakini wao walichukua V₁ ya mpira usio na nozeli na V₂ ya mpira wenye nozeli. Hizo ni hali mbili tofauti, na mlinganyo wa mwendelezo hauna neno lolote la kusema kuhusu uhusiano wa hali hizo. Kuzilinganisha kwa A₁V₁ = A₂V₂ ni kudai kimyakimya kwamba ndoo ingejaa kwa sekunde 18 mara zote mbili.

Kuna jambo jingine ndani ya ripoti hiyo lililonisumbua zaidi. Ukurasa mmoja kabla, kikundi kilikuwa kimekokotoa kasi ya mpira mtupu (yaani usio na nozeli) kwa mlinganyo wa Bernoulli, ambao ni hesabu ya nishati ya maji yanayotiririka, kutoka uso wa maji tangini hadi mdomoni. Presha ya pande zote mbili ni ya hewa, kasi kwenye uso wa tangi ni ndogo ya kupuuzwa, hivyo kinabaki kile alichokieleza Torricelli katika miaka ya 1640: V ni kipeuo cha pili cha 2gH, g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia na H kimo cha maji juu ya mdomo. Kwa H ya mita 4, jibu ni mita 8.86 kwa sekunde. Kipimo kilikuwa 1.77. Wakaandika "msuguano" na kuendelea. Sasa tazama: katika hesabu hiyo, eneo la tundu halimo popote. Mlinganyo wa Bernoulli usio na upotevu unasema kasi ni mita 8.86 kwa sekunde, nozeli iwepo isiwepo. Kwa hiyo ukurasa wa 3 unasema nozeli haibadilishi kasi hata kidogo, ukurasa wa 4 unasema inaizidisha mara 4, na hakuna aliyeona kwamba kurasa hizo zinagombana. Kila fomula ilitumika kwenye swali lake, ikapata jibu lake, ikafungiwa chumbani kwake.

Ili kupata hali ya pili lazima turudi kwenye nishati, safari hii tukihesabu na kinachopotea njiani. Wahandisi wa maji hupenda kupima nishati kwa mita za maji na kuiita kimo, na kwa kisa hiki ni lugha nzuri kwa sababu inageuza swali zima kuwa bajeti. Tangi linatoa mita 4. Fedha ni hizo hizo, hakuna nyongeza. Kila mita lazima ionekane imetumika wapi: kwenye kuingia mpirani, kwenye msuguano wa mita 20 za plastiki, kwenye nozeli kama ipo, na kinachobaki ndicho kinachotoka kama kasi ya mkondo, V²/2g.

Msuguano tunaukokotoa kwa umbo aliloliandika Julius Weisbach mwaka 1845, linaloitwa mpaka leo kwa jina lake na la Henry Darcy: kimo kinachopotea ni f × (L/D) × V²/2g. L/D ya mpira wetu, yaani urefu kwa kipenyo, ni 1,000. Namba ya msuguano f inategemea namba ya Reynolds (Re), inayolinganisha mwendo wa maji na mnato wake, na kwa bomba laini lenye mtiririko wa vurugu kanuni ya Blasius ya mwaka 1913 inatosha: f = 0.316 ÷ Re^0.25, kwa Re ya kati ya takribani 4,000 na 100,000. Kwa kuingia mpirani tunatumia kigezo cha kawaida cha tundu lenye kingo kali, 0.5.

Ugumu unaowatisha wanafunzi ni kwamba f inahitaji V, na V inahitaji f. Dawa yake ni kukisia. Weka f = 0.025. Bajeti inakuwa 4 = (V²/2g)(1 + 0.5 + 25), V inatoka mita 1.72 kwa sekunde. Mnato wa kinematiki wa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi ni karibu 1.0 × 10⁻⁶ m²/s, hivyo Re, yaani kasi mara kipenyo gawanya kwa mnato huo, ni 34,400, na Blasius anatoa f mpya ya 0.0232. Rudia: V ni 1.78. Rudia tena: 1.79, na hapo haisogei. Mizunguko mitatu kwenye kikokotoo. Kipimo kilikuwa 1.77.

Angalia bajeti ilivyotumika. Kati ya mita 4, msuguano umechukua 3.75. Kuingia mpirani kumechukua sentimita 8. Mkondo unaotoka umebakiwa na sentimita 16. Kwa lugha nyingine, mpira mtupu unatupa karibu asilimia 94 ya nishati yake kwa kusuguana na kuta zake, na maji yanatoka mdomoni yamechoka. Ndiyo maana yanaanguka hapo karibu.

Sasa funga nozeli. Kasi ndani ya mpira tuiite V, ya tundu ni 4V, na hapa mwendelezo unatumika kihalali kwa sababu ni sehemu mbili za hali moja. Kimo cha mkondo kinakuwa 16 × V²/2g. Kwa nozeli fupi, laini ndani, tuongeze asilimia 5 ya upotevu, tupate 16.8. Bajeti: 4 = (V²/2g)(0.5 + 1,000f + 16.8). Kwa mtindo uleule wa kukisia na kurekebisha, f inatulia kwenye 0.0246 na V kwenye mita 1.37 kwa sekunde. Mkondo unatoka kwa mita 5.48 kwa sekunde. Mtiririko ni lita 0.430 kwa sekunde, umeshuka kwa karibu asilimia 24 kutoka 0.562. Uwiano wa kasi ni 3.06.

Msuguano sasa umechukua mita 2.35 badala ya 3.75. Mita 1.40 zimeokolewa, na karibu zote zimehamia kwenye mkondo, ambao umepanda kutoka sentimita 16 hadi mita 1.53. Jibu la swali la kikundi liko hapa. Nozeli ilibana mtiririko, mtiririko ulipopungua msuguano wa mpira ukapungua kwa kasi zaidi, na nishati iliyokuwa ikiliwa na kuta ikabaki kwa ajili ya mkondo. Kupungua "kwa kasi zaidi" kuna namba yake: kwa Blasius, upotevu unafuata V^1.75. Mtiririko uliobaki ni 0.764 ya ule wa mwanzo, na 0.764 kwa kipeo cha 1.75 ni 0.62. Zidisha kwa 3.75, unapata mita 2.34. Hesabu ya mstari mmoja inayothibitisha ile ndefu.

Na dai la mara 4? Lipe nafasi kwenye bajeti. Mtiririko usiobadilika unahitaji mita 3.75 za msuguano uleule, na mkondo wa zaidi ya mita 7 kwa sekunde unahitaji karibu mita 2.6 peke yake. Jumla imepita 6 kabla hujahesabu nozeli wala mlango wa mpira. Tangi lina mita 4. Mwanafunzi aliyefundishwa kuandika bajeti hii kabla ya kugusa fomula nyingine angekamata kosa ndani ya dakika moja.

Turudi kwenye mrija, uliopuuzwa. Bila nozeli ulikuwa mtupu kwa sababu mdomo wa mpira uko wazi kwa hewa, na sentimita chache nyuma yake presha ni ya hewa pia, ukiacha kitu kidogo cha msuguano wa kipande kile. Nozeli ilipofungwa, maji yalipanda mbele ya macho yao hadi mita 1.42, sawa na karibu kilopaskali 14 juu ya presha ya hewa. Hesabu yetu inatarajia mita 1.51. Lakini ripoti inasema, katika aya ya nadharia, kwamba "nozeli hupunguza presha, kwa sababu kasi ikiongezeka presha hupungua". Sentensi hii ni ndugu wa ile ya kwanza na ina ugonjwa uleule. Ndani ya nozeli, kutoka mwanzo wake hadi tundu lake, presha inashuka kweli, kutoka kilopaskali 14 hadi sifuri, na kushuka huko ndiko kunakosukuma maji yaongeze kasi. Lakini ukilinganisha mpira wenye nozeli na usio nayo, presha kabla ya mdomo imepanda. Tena sehemu mbili kwa wakati mmoja zimechanganywa na nyakati mbili kwa sehemu moja. Mwanafunzi mmoja aliona maji yakipanda mrijani, akaandika namba, kisha akaandika kwamba presha imepungua. Sidhani ni uzembe. Fomula ilikuwa na mamlaka kuliko jicho.

Maelezo yoyote ya namna hii yanapaswa kupimwa kwa kubadilisha kitu. Kama chanzo ni msuguano wa mpira, basi ufupishe mpira, na athari ya nozeli lazima ififie. Kata ubakize mita 1, ukiacha kimo kilekile cha mita 4. Hesabu zinatoa karibu mita 5.8 kwa sekunde bila nozeli na 8.3 ukiifunga. Nozeli ileile, uwiano wa maeneo uleule wa 4, lakini kasi imeongezeka mara 1.4 tu, huku mtiririko ukiporomoka kutoka lita 1.8 hadi 0.65 kwa sekunde. Ondoa mpira kabisa, toboa tundu la mviringo lililolainishwa kingo chini ya tangi: la milimita 20 na la milimita 10 yanatoa mkondo wa kasi ileile kwa vitendo, kidogo chini ya 8.86. Hapo Torricelli anakaa kwenye kiti chake. Kama mwendelezo ndio ungekuwa sababu, urefu wa mpira usingeleta tofauti yoyote, kwa kuwa maeneo hayajaguswa.

Jaribio la pili ni kwenda upande wa pili, kwenye nozeli ndogo zaidi. Kwa tundu la milimita 5 kwenye mpira wa mita 20, fomula ya ripoti ingetabiri mara 16, yaani karibu mita 28 kwa sekunde. Mkondo wa kasi hiyo una kimo cha mita 40 kwenye mfumo wenye mita 4. Bajeti inatoa mita 8.2 kwa sekunde na lita 0.16. Ukizidi kubana, kasi inasogea kuelekea mita 8.65 na kukwama hapo; hiyo ni Torricelli iliyopunguzwa upotevu wa nozeli yenyewe. Kadiri tundu linavyokuwa dogo, mpira unakuwa kama haupo, kwa sababu maji ndani yake karibu yamesimama na hayasuguani na chochote.

Haki itendeke: ipo mifumo ambayo sentensi ya kikundi ni kweli neno kwa neno. Sindano inayosukumwa na mota ya mwendo usiobadilika hutoa ujazo uleule kwa sekunde, uwe umeweka ncha nene au nyembamba. Pampu ya pistoni inayozungushwa kwa mizunguko ileile iko hivyohivyo, angalau mpaka kitu kipasuke au vali ya usalama ifunguke. Hapo mtiririko umelazimishwa na mashine, na presha ndiyo inayopanda kadiri inavyohitajika. Tangi halilazimishi mtiririko. Linatoa kimo na kuacha mfumo uamue. Bomba la mtaa linafanana zaidi na tangi kuliko na sindano. Swali la kwanza kabla ya kuandika mlinganyo wowote lilipaswa kuwa hilo: katika mfumo huu, ni kipi kilichoshikiliwa, kimo au mtiririko?

Wanafunzi hawakulibuni kosa hili wenyewe. Kidole gumba kwenye mdomo wa mpira ni mfano unaotolewa kila mahali kueleza mlinganyo wa mwendelezo, na hutolewa mapema, wakati msuguano wa mabomba bado uko majuma mengi mbele. Mwanafunzi anajenga maelezo yake kwa kifaa pekee alichonacho. Somo la msuguano linapofika, linakuja na chati ya Moody ya mwaka 1944, ya kusomea namba ya msuguano, na hesabu ndefu za mabomba ya chuma, na hakuna anayerudi kwenye kidole kusema kwamba maelezo yale yalikuwa na tundu. Mimi ningeutoa mfano huo kwenye sura ya mwendelezo na kuupeleka kwenye sura ya msuguano, mahali unapofundisha kitu cha kweli. Kwa mwendelezo, sindano inatosha.

Zimebaki tofauti ndogo kati ya hesabu na vipimo, na hizi nazo zinastahili kutafutiwa sababu. Mpira mtupu ulitoa 1.77 dhidi ya 1.79 ya hesabu. Kwa nozeli, 5.31 dhidi ya 5.48, na mrija 1.42 dhidi ya 1.51. Zote zimeegemea upande mmoja, chini, na hilo linaashiria upotevu ambao hatukuuhesabu zaidi ya kutetereka kwa mkono: kiungo cha T, mikunjo ya mpira uliolala sakafuni, labda nozeli isiyo laini kama tulivyodhani. Umbali wa kuanguka una udhaifu wake. Mdomo ukiinuka nyuzi 2 tu juu ya mlalo, mkondo wa mita 5.3 kwa sekunde utaruka karibu sentimita 10 zaidi. Kwa kuwa ndoo na umbali vimekubaliana, mdomo ulikuwa umelala sawasawa.

Ripoti ilirudishwa bila alama, ikiwa na swali moja jipya: nozeli ya kipenyo gani ingetoa mkondo wenye nguvu kubwa kuliko zote, nguvu kwa maana ya wati? Ni swali linaloulizwa na kila anayelisha gurudumu la turbini kwa bomba refu, na haliwezi kujibiwa na mtu anayedhani mtiririko haubadiliki, kwa kuwa kwake nozeli ndogo zaidi daima ndiyo bora. Mpira mtupu unatoa mkondo wa wati 0.9. Nozeli ya milimita 10 inatoa 6.4. Ya milimita 5 ina kasi kubwa zaidi lakini maji machache, inatoa 5.4. Kilele kiko katikati. Vitabu vingi hukiweka pale msuguano unapochukua theluthi moja ya kimo chote, wakichukulia kwamba f haibadiliki. Kwa Blasius, ambaye kipeo chake ni 1.75, sehemu hiyo ni 1 ÷ (1 + 1.75), yaani mita 1.45 kati ya 4. Mtiririko unaolingana na upotevu huo ni karibu lita 0.33 kwa sekunde, mkondo unatoka kwa mita 6.9 kwa sekunde, na tundu linalohitajika ni la milimita 7.8. Wati zinafika 7.7. Kikundi kilipewa nozeli ya milimita 8, kikaambiwa kiandike sekunde za ndoo kabla ya kufungua maji. Kwa hesabu ni takribani 30.